Upande wa Kushoto

Goti la Verlyn Haugen limetiwa chuma,
na chuma hakipandi mlima.
Basi tangu Agosti miguu yake ni mimi:
kila Jumapili alfajiri, nikitoka zamu ya usiku,
nguo bado zanuka jibini,
navuka shamba la mahindi la akina Ostrem,
naiacha Viroqua na taa zake chache bondeni,
napanda hadi kwenye mwaloni wenye kovu
ambako kamera imefungwa kwa mkanda:
kijisanduku cha rangi ya gome,
jicho moja, betri nane, subira isiyo na tumbo.

Nachomoa kadi. Kadi ya kumbukumbu, waiita,
na kweli haisahau, ila haichagui.
Mtego wa panya huu: waliomo na wasiokuwemo.
Tawi likitikiswa na upepo, mara mia mbili.
Rakuni na wanawe watatu.
Mbwa wa jirani, asiyepaswa kuwa pale.
Batamzinga, shingo tu.

Halafu yeye.

Namwita kulungu, jina la kuazima;
kulungu wa kwetu Kasulu ni mwingine, mfupi, ana madoa ubavuni,
wala hainui mkia kama leso iliyofuliwa.
Huyu Agosti pembe zake zilivaa mahameli,
Septemba akazivua kwa kuzisugua mtini.
Matagaa manane: Verlyn ahesabu kwa ncha ya penseli
juu ya kioo cha kompyuta,
moja, mbili, hebu rudi, hicho ni kijiti cha nyuma.

Chini ya picha pameandikwa tatu na dakika kumi na mbili.
Verlyn asema saa tatu. Mimi nasema tisa,
tisa usiku, nilipokuwa nageuza jibini kwenye rafu baridi.
Twabishana kwa adabu, kahawa yapoa.
Kulungu hana saa yetu yoyote.
Huja giza limeiva, kijivu juu ya kijivu,
mboni mbili sarafu,
huyoo, kaondoka.

Oktoba nikajikuta mwenyewe.
Picha arobaini na moja:
mgongo wangu, kofia ya rangi ya chungwa,
kiganja kikiifunika dunia nzima,
paji la uso karibu mno, kama mtu achunguliaye tundu la ufunguo.
Na Jumapili moja, kungali giza,
dakika nne baada ya mgongo wangu kuondoka,
yeye, kainamisha pua
palepale nilipokanyaga.
Verlyn alicheka hadi akalishika goti.
"Mwenzako naye ana daftari," akasema.

Novemba, Jumamosi ya kwanza ya msimu.
Leseni mfukoni, bunduki ya Verlyn mapajani,
vidole vya miguu nimeshavisahau
juu ya kile kiti cha mtini.
Nilizijua njia zake, gogo analoliruka,
tawi analolilamba akipita.
Ya saa tisa yote niliyajua.

Akaja saa moja na nusu, jua limechomoza.

Alikuwa na rangi. Hilo sikulitarajia.
Rangi ya gome lililolowa, koo jeupe, mvuke puani.
Akageuka,
na sikio lake la kulia lilikuwa nusu,
limechanwa zamani, na waya au jino, likapona vibaya,
kama ukingo wa bahasha iliyofunguliwa kwa kidole.
Picha mia moja na sita tulikuwa nazo,
zote za upande wa kushoto.

Nilifyatua. Sitawadanganya kwamba sikufyatua.
Alikwenda hatua thelathini, akalala.
Nilikaa naye mpaka mikono ikatulia,
kisha nikampigia Verlyn, aliyekuwa dirishani tangu usiku.
Nikamwambia: matagaa manane, kweli,
mafuta mazuri mgongoni,
paja moja la nyuma ni lako.
Na lile sikio.

Kimya. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe.
"Sikio gani?" akauliza.