Picha Niliyomwonyesha Fundi Chinguile

Nilimpelekea kitabu cha shule, kimefunguka katikati:
kaburi la mfalme fulani wa Ugiriki ya kale,
la mviringo, juu limejikunja kama mzinga wa nyuki,
mawe matupu, bila tone la chokaa.
Fundi Chinguile alifuta vidole kwenye suruali
ndipo akakipokea.

Hakuuliza mfalme gani.
Aliuliza: "Jiwe hili la juu kabisa,
aliyelifunga alikuwa ndani au nje?"

Hapa Newala ardhi haitoi maji.
Bibi zetu walishuka genge na mitungi
nyota zingali juu, wakarudi
jua limeshawatangulia nyumbani.
Kwa hiyo yeye huchimba shimo uani kwa mtu,
hulivika matofali, duara juu ya duara,
na kila duara hulisogeza ndani upana wa kidole,
"kidogo tu, lisishtuke,"
mpaka unabaki mdomo wa kupitisha ndoo
na mabega ya fundi mwembamba.
Halafu watu hungoja bati lianze kulia.

Nikamwambia: hawa hawakuweka maji. Waliweka maiti,
na dhahabu, na panga. Wezi wakaingia
kabla hajazaliwa babu wa babu yako.
Sasa mna giza tu, na wageni
wanaopiga makofi wasikie kuba ikijibu.

Akacheka, ugoro ukamtoka puani.
"Jumba lote hilo, la mtu asiyegeuka?
Mimi nichimbieni mwanandani, mbao saba, basi."

Lakini kitabu hakukirudisha.
Alikipeleka mlangoni penye mwanga, akahesabu
maduara kwa ukucha, akapotea, akaanza upya.
"Thelathini na kitu," akasema.
"Na hayana saruji. Yanasukumana,
ndiyo maana hayaanguki."

Mwezi uliofuata kisima cha Mama Nambole kilifanya ufa.
Alishuka na karai; kamba nilishika mimi.
Nikasikia mwiko ukikwaruza, ukakwaruza, ukatulia.
Kisha sauti yake ikapanda, imenenepa,
imekuwa ya watu kumi,
akiliita jina lake mwenyewe,
Chinguile, Chinguile,
na kila mara akinyamaza kidogo
asikie anavyoitikiwa mfalme.

Nilingoja. Mikono ilianza kuniuma.

"Haya," akasema, kwa sauti yake ya siku zote,
"nivute, simenti inaganda."