Upepo Unaoitwa Bora

Upepo wa Trieste unaitwa Bora,
na siku ile ulimvua kofia Bi Ondina
ukaitupa chini ya basi.
Akasema, "Basi. Kichwa kitatangulia bila kofia."
Nami nikamfuata.
Hakuniita kwa ushauri, aliniita kwa mgongo:
ghorofa nne, ngazi themanini na mbili,
na lifti imekufa tangu Pasaka.

Mkobani alibeba kikombe kimoja
kilichoviringishwa ndani ya soksi ya sufu.
Kikombe cha ghalani bandarini, kisicho na sikio,
alichoonjea miaka thelathini na mmoja
kahawa ya magunia ya watu wengine:
anafyonza, anasukutua, anatema,
anaandika namba. Namba tu.
Nyumbani alikunywa chai.
Sasa amestaafu, anataka kumeza.

Dukani kwa Zvonko mashine zimepangwa kwa kimo, kama wanakwaya.
Kijana wa mauzo, Manlio, ndevu zimechongwa,
akaanza na ile ya vidonge: unatia, unabonyeza, unasahau.
"Vidonge?" Bi Ondina akakunja uso.
"Vya presha ninavyo, asubuhi kimoja, usiku kimoja.
Kahawa sitaki kuimeza kwa amri ya daktari."

Akahamia ile inayong'aa, yenye kioo,
inayosaga, inayopima, inayochemsha, inayojiosha,
inayokumbuka jina lako na kukuamkia kwa lugha sita.
Bei yake ni kodi yangu ya miezi minne.
"Na ikiharibika?"
"Tunaituma Milano."
"Na mimi wakati huo mnanituma wapi?"

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Manlio akatembeza, akatembeza,
pampu, nyuzi za joto, boila moja, boila mbili,
hadi povu likamtoka yeye kabla ya maziwa.

Bi Ondina hakuwepo.
Alikuwa pembeni, karibu na ufagio,
mbele ya mashine kuukuu yenye wenzo mrefu,
ubavu umebonyea, kioo hakina, saa haina,
ni sindano ya presha tu, inatetemeka
kama mtu aliyeulizwa umri.
Akafungua soksi. Akaweka kikombe chini ya mdomo wa mashine.
Kikaenea, ikabaki nafasi ya kidole.

Akavuta wenzo.
Nikaona kiganja kikishindwa,
kifundo cha mkono kikienda upande,
midomo imekazwa kama ya mtu anayefunga zipu
ya sanduku lililojaa.
Wenzo ukasimama nusu njia.
Manlio akatazama viatu. Zvonko akapunguza redio.
Nilitaka kusema: mama, chukua ya kitufe,
kubonyeza si aibu.

Akanigeukia, akanipima
kuanzia kola hadi viwiko,
kama alivyopima gunia kabla ya kulichoma bambo.
"Saa moja asubuhi huwa uko wapi?"
"Kitandani."
"Mm," akasema, akatoa pochi.

Siku ya kwanza tulimwaga vikombe vitano.
Cha sita kilikuwa kichungu kama risiti yake.
Leo ni wiki ya tatu. Mpini wa ufagio
unagonga dari yangu mara mbili,
mara tatu nikijifanya maiti.
Napanda na kandambili.
Yeye anasaga, anapima, anashindilia kwa kidole gumba;
mimi navuta. "Polepole! Si kengele ya kanisa."
Matone ya kwanza ni meusi, yanakuja rangi ya asali,
yakianza kupauka anainua mkono: tosha.

Anafyonza. Anasukutua.
Mazoea yanamvuta hadi kwenye sinki,
anainama, mashavu yamejaa.
Nangoja.
Koo linapanda, linashuka.
Bora unatikisa madirisha.
"Namba ngapi?" nauliza.
"Osha kikombe," anasema. "Sasa yako."