Kizigeu

Saa nne usiku, Umoja, ghorofa ya tano.
Kipakatalishi cha mtumba juu ya ndoo iliyopinduliwa,
gigabaiti mia tatu na ishirini, shamba moja,
na Windows imelilalia lote kama mwenye hatimiliki.

Mwakio ana darasa kesho, mwalimu anataka Linux.
Mimi nina hesabu za duka la Bi. Kagendo,
risiti za miaka sita,
na sauti za mama nilizozihamishia humu
baada ya simu kuibwa mara ya pili.
"Dada, hakuna kitakachofutika."
Mpima ardhi naye alisema hivyo kule Wundanyi,
akapigilia mawe, minyaa ikaota,
na leo baba na mdogo wake
hutumiana salamu kupitia kwa chifu.

Kwenye skrini, ukanda wa buluu.
Anaushika ncha kwa kipanya, anausukuma kushoto,
taratibu, kama nivutavyo leso
iliyo kati ya kitanda changu na godoro lake.
– Unataka ngapi?
– Mia na ishirini.
– Za nini zote hizo?
Themanini za nyumbani, thelathini za mzizi,
nane za akiba, kumbukumbu ikifurika.
– Na mbili zilizobaki?
Anajikuna shingo. – Tuseme njia ya kupitia.

Mzizi, anasema, jina lake ni mkwaju tu,
huo mstari ulioinama.
Nacheka. Nilikojua mimi, mkwaju ndio wenye mizizi.

Kisha anabonyeza, na maandishi yanatuonya:
usizime.
Asilimia kumi na moja.
Ndipo mita ya stima ukutani inapoanza kulia.

Betri ya mashine hii ilikufa kabla hatujainunua.
Uniti sifuri nukta tatu.
Natuma shilingi mia mbili; pesa zinaondoka, tokeni haiji.
Asilimia ishirini na tisa.
Nazima taa. Nang'oa friji ya jirani
anayetulipa mia tano kwa mwezi tumwekee waya.
Mwakio ameweka viganja juu ya kibodi bila kuigusa,
kama anayemtuliza ng'ombe anayezaa.
Asilimia arobaini.
Hamsini na mbili.
Sifuri nukta moja.

Simu inatetemeka. Tarakimu ishirini.
Anazisoma nne nne, nabonyeza gizani,
nakosea ya kumi na saba,
anazisoma upya, na sauti yake,
iliyovunjika mwaka jana tu,
inarudi kuwa ya mtoto.

Mita inanyamaza.

Saa saba kasoro, mashine inawaka na kuuliza:
wapi? Inatupa sekunde kumi.
Mwakio ananisogezea kibodi, bila neno.
Nachagua upande wangu. Natafuta faili, naifungua,
na mama anaijaza nyumba, pande zote mbili za leso:
"Wakesho, kuku wa baba yako mdogo wamevuka tena.
Mmoja ametaga chini ya kitanda changu.
Sasa niambie, hilo yai ni la nani?"