Vilivyopita Kwenye Chujio

Mbarara, kitanda cha saba.
Dawa ziliua wabaya tumboni, zikaua na wema;
nikabaki kuhesabu safari za choo.

Dada Kemirembe akaleta kikopo ndani ya kitenge:
"Mwaka jana uliniomba ng'ombe. Leo, hiki."

Daktari alichuja, akachuja tena,
hadi kikawa kama chai ya rangi iliyopoa.
Bakteria wote walinaswa.
Vilivyopita ni virusi.

Virusi!
Neno lililofunga barabara,
likamzika baba hajaoshwa.

Nilifumba macho, mrija puani,
nikavisihi: kama kweli mnamjua
wa kuliwa na wa kuachwa,
shukeni.

Siku ya nne niliomba kalo.
Kemirembe akauliza:
"Nikuletee kwa kikopo kipi?"