Kijani cha Ndani

Julai, rangi haikauki Mbeya.
Nimeileta jikoni, kando ya jiko la mkaa.
Ndege yenyewe haizidi kiganja,
tumbo wazi, kiti cha rubani punje ya mahindi.

Kitabu kimoja kinasema kijivu.
Kingine, kijani.
Kijani kipi? Cha parachichi la Rungwe kabla halijaiva,
au cha jani la chai lililolala guniani?
Nimechanganyia kwenye vizibo kumi na kimoja vya soda,
vyote vimenidanganya.

Bi Tusekile wa nyumba ya pili,
aliyepangusa ndege kambini enzi za usichana wake,
alikuja kuomba chumvi.
Akashusha miwani.
"Rangi siikumbuki. Nakumbuka tambara langu
lilivyotoka: kama maji ya mlenda."

Nikadondosha manjano, tone moja, kwa njiti.
"Hapo. Ila mbona sakafu mpya hivi?
Kisigino cha kulia kilikuwa kinakwangua hapa,
bati tupu. Nikipangusa, panazidi kung'aa."

Kesho nafunga kioo; ndani hapataonekana tena.
Usiku huu nimeshika sindano,
nakwangua kisigino cha mtu nisiyemjua,
na chumvi ameisahau mezani.