Kadi Mbili za Kumi na Sita

Mbwana wa Barabara ya Digo anamwaga kadi juu ya kioo
kama mtu amwagaye mabuyu,
nyekundu, nyeusi, buluu, zote ndogo kuliko kucha ya kidole gumba.
"Hii giga mia na ishirini na nane, dada. Mia saba tu.
Inameza ndovu na mwanawe."

Ndovu huyo nimeshamlisha, Mbwana.
Nilimlisha harusi nzima ya Kibokoni:
kupamba, hina hadi kwenye kiwiko,
wanawake mia mbili waliovua mabuibui mlangoni
wakaniamini mimi peke yangu,
maana simu zao zote zilikusanywa kwenye beseni.
Akameza, akameza, kwa kila picha akaniitikia ndiyo.
Nyumbani nikafungua:
arubaini za mwanzo nzima,
zilizobaki michirizi ya kijivu,
kama kwamba mvua ilinyesha ndani ya ukumbi.

Katika mvua hiyo alikuwamo Bi Mwanamkuu,
nyanya yake biharusi,
akicheka, mkono umefunika pengo.
Nilimwambia, toa mkono, bibi.
Akautoa.
Mwezi wa Mfunguo Sita ulipoandama, hakuwako.
Mamake biharusi hakunigombeza.
Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu atafutaye sindano mkekani:
"Hata moja?"

Rahisi huvunja upishi, ndivyo wasemavyo.
Ghali nayo humvunja mpishi,
na kodi ya chumba changu Majengo hainingoji nitajirike.
Ile ya elfu tano, iliyofungiwa kabatini kwa kufuli,
naitazama kama mtoto atazamavyo kaimati
saa tisa ya mchana wa Ramadhani.

Basi nachagua kadi kama nichaguavyo leso:
naipindua, naanza na upande wa nyuma.
Hii herufi zake zimekwaruzika kabla ya kutumika.
Hii jina la kampuni limepungua herufi moja.
Hii ina kumi ndani ya kiduara, sawa,
lakini kiduara chenyewe kimepinda,
mchoraji alikuwa amesimama kwenye feri.

"Na hizi?"
Mbwana anajikuna shingo.
"Hizo kumi na sita. Nani siku hizi ataka kumi na sita?"

Mimi. Nipe mbili.
Moja ikinigeuka,
nusu ya watu watabaki na nyuso zao.

Lakini silipi bado.
Naitia ya kwanza kamerani, napiga:
mizani ya muuza tende,
paka juu ya gunia,
kijana wa viazi karai, unga mpaka kwenye nyusi,
nyaya za umeme, kisigino cha Mbwana,
feni izungukayo bila upepo,
ukuta, ukuta, ukuta,
kidole kimekufa ganzi,
hadi kamera yenyewe iniambie: basi.
Halafu ya pili, vivyo hivyo.
Mbwana amekunywa vikombe vitatu vya kahawa tungu
na ameacha kunitania.
Nazifungua moja moja, toka ya mwisho kurudi ya kwanza.
Ukuta upo. Feni ipo.
Paka yupo, hata sharubu.

Mia tano na hamsini kila moja. Nahesabu noti.

Ijumaa anaolewa mdogo wake biharusi yule.
Mama yao mwenyewe ndiye aliyenipigia simu.
Ya zamani hakuyataja. Alisema tu,
"Njoo mapema. Uwapige picha wazee kwanza."

Na mlangoni, kando ya beseni la simu,
mwanamke mwenye asumini kichwani ananizuia:
"Kadi?"
Namwonyesha ya mwaliko, yenye maua ya dhahabu.
Zile mbili nimezifunga kwenye pindo la leso,
kama nauli ya kurudi nyumbani.