Nyota ya Buibui

Jina langu Mkasi, na kazi yangu ni kushona;
watu wa Utaani walishachoka kunicheka.
Mwaka ule wa hamsini na saba, Shaabani ina siku mbili tatu,
Mwalimu Shaame akapiga hodi na karatasi
kaikunja mara nne, kama hirizi.
"Nataka bendera. Si ya hapa. Ya watu wa mbali."

Nyekundu nilikuwa nayo, masazo ya mapazia ya arusi.
Manjano nikaikopa kwa Vithaldas, yadi moja na shubiri.
Kijani ilibaki nilipokata shuka la jeneza la msikiti.
Nyeusi haikuwepo Wete nzima.
Nyota ya ncha tano, akanichorea sakafuni kwa mkaa:
pweza aliyepungukiwa mikono mitatu.
Nikafungua sanduku, nikatoa buibui langu la kamba, lile kuukuu,
nikalikata mgongoni
pale pasipowahi kuchanika.

Usiku wa kuamkia Jumatano, saa tisa,
tulikaa barazani kwa Mwalimu, wanawake nyuma ya pazia,
redio ya betri ikikoroma kama mgonjwa wa pumu.
Halafu kelele. Watu wengi, wengi mno,
kama mvua ya masika juu ya mabati.
Mwalimu akafasiri: ya Mwingereza inashuka, yao inapanda.
Pwani ya Dhahabu haipo tena. Sasa ni Ghana.
Bi Raya akanong'ona, "Na dhahabu wamemwachia nani?"
Nilicheka mpaka nikafinywa.
Kisha akalipitisha neno moja, kama mtu atemaye kokwa:
huko, wanawake nao hupiga kura.
Upande wetu wa pazia
hakuna aliyekohoa.

Ramadhani. Idi. Nguo za watoto hadi vidole vikapasuka.
Julai ikawa zamu yetu.
Mwanamume. Miaka ishirini na mitano. Ajue kusoma, au awe na mali.
Mume wangu Khatibu, alifu kwake ni fimbo na be ni bakuli,
lakini ana mikarafuu thelathini:
ya marehemu baba yangu, niliyoirithi mimi,
yeye akaiandikisha kwa jina lake
ili karani, alisema, asipate tabu.
Nikampigia kanzu pasi ya makaa.
Nikamfunga kifungo cha shingo, nikakikaza kidogo.
"Mikarafuu yangu ikishapiga kura," nikamwambia,
"iniletee habari."
Alirudi adhuhuri, akala, akalala.
Mpaka leo sijui miti ya baba ilimchagua nani.

Agosti, Mwalimu akafasiri nusu ya habari:
huko Kumasi, wakubwa wawili wa Waislamu
wamepandishwa ndege, wametolewa nchini.
Nusu ya pili akaizima kwa kidole.
Hatukumuuliza. Na sisi tulikuwa na yetu:
Bi Raya haingii tena duka alilolizoea tangu utotoni,
mtu amekufa mtaa wa pili na nusu ya mtaa haikuzika,
kwa kuwa marehemu alikuwa chama kile.
Jeneza lilipita mlangoni kwangu na wachukuzi wachache,
wakipokezana haraka haraka.
Shuka lake la kijani nikalitambua.
Najua kipande chake kingine kilipo.

Desemba, mikono ya watu wote ikinuka karafuu,
Mwalimu akairudisha bendera ndani ya gazeti.
"Iweke wewe. Kwangu wanaingia watu wengi."
Hakusema watu gani.
Nikaikunjua juu ya cherehani.
Weusi wa buibui hauhimili jua; nyota imepauka,
imekuwa rangi ya kahawa iliyomwagika.
Ncha nne zimeshika.
Ya tano imefumuka, inapepea peke yake.
Nikakata uzi kwa meno,
nikautia mate,
nikalitafuta tundu la sindano.